Sifuri ya Mawe ya Wanyange

Imesemwa pale barazani Namakwekwe, mtaa wetu hapa Mbale, na kurudiwa sokoni na watu ambao hawakuniuliza lolote, kwamba nilikwenda Jinja kuzungumza na samaki, na kwamba samaki walinijibu. Mimi Farajallah, karani mkuu wa masjala mstaafu, sijawahi kuzungumza na samaki. Nilikwenda kuwasikiliza. Tofauti ya mambo hayo mawili ni kubwa. Kwa kuwa nyinyi wenzangu wa kahawa ya alasiri mmeniuliza kila mtu kwa wakati wake, na kila mtu nimemjibu nusu kwa sababu ya hasira, naandika hapa mara moja, kwa mfuatano, ili mwenye kunukuu anukuu sawasawa.

Chanzo ni barua. Iliandikwa na mtafiti wa samaki aitwaye Bi Nambozo, binti wa hapa hapa Mbale ambaye sasa anafanya kazi ziwani huko Jinja. Alieleza kwa adabu kwamba anachunguza samaki hupendelea kukaa wapi, na kwamba njia yake ni kutumbukiza maikrofoni majini na kunasa sauti zao. Katika mawe ya Wanyange, ziwani karibu na Jinja, alikuwa amesikia samaki wengi. Lakini taarifa pekee ya zamani kuhusu mawe hayo, yenye saini yangu, ilisema samaki ni sifuri. Alhamisi ya juma lile kamati ya gombolola, yaani ya serikali ya kata, ingekaa kuamua kama mawe yavunjwe ili pajengwe gati. Kwa sifuri ile, aliandika, yatavunjwa. Je, mzee angeweza kufika?

Nilisoma barua ile mara tatu, na kila mara damu ilinipanda zaidi. Nilitunza kumbukumbu za kituo chetu cha kupima samaki huko Jinja tangu ujana wangu hadi kituo kilipofungwa, na hakuna mkaguzi aliyewahi kunikuta na kosa. Nikatoa kabatini daftari la nakala la uchunguzi ule. (Nililihifadhi siku kituo kilipofungwa. Sikuliiba, nilitia saini.) Nikalifunga kwa kitambaa safi. Nilikwenda Jinja kuitetea namba yangu. Nalikiri hilo mapema, kwa sababu yaliyofuata hayana maana pasipo hilo.

Mbale hadi daraja la Mpologoma

Jumatatu baada ya sala ya alfajiri nilipanda gari dogo la mizigo la Wafula, mfanyabiashara Mkenya kutoka upande wa Bungoma, ambaye hununua kabichi na karoti za mlimani na kuzipeleka Jinja. Mke wangu Zaituni alikuwa amenifungia kisra, ile mikate yetu myembamba, pamoja na malewa, machipukizi ya mianzi, yaliyopikwa kwa karanga. Wafula alipoona bakuli alisema kwamba abiria wa namna yangu angewapakia kila siku.

Hatujafika Kamonkoli akaniuliza, akinitazama kwa pembe ya jicho:

"Mzee wangu, hiki Kiswahili chako kimenyooka kama bunduki. Ulikuwa jeshi?"

Nikamweleza kwamba babu wa babu yangu ndiye aliyekuja na jeshi kutoka Sudan, lakini mimi mwenyewe sijawahi kushika silaha. Nimeshika kalamu.

"Basi tukisimamishwa huko mbele, ongea wewe. Usiseme habari ya kalamu."

Tulisimamishwa baada ya Budaka. Askari wa barabarani alipoinama dirishani, nilimwamkia na kumweleza kwa ukamilifu tulikotoka, tunakokwenda na tulichobeba. Akasimama wima, akapiga saluti, akasema, "Pita, afande." Wafula alikwisha kuingiza gia. Lakini siwezi kupokea cheo ambacho sikupewa. Nilimwita yule askari arudi, nikamfahamisha kwamba mimi si afande, ni mstaafu wa masjala. Alinishukuru. Kisha akaanza kukagua mzigo kama ilivyokuwa haki yake, na kabichi zote zikashuka moja baada ya nyingine na kupanda tena vivyo hivyo. Tulipofika Tirinyi Wafula aliniambia kwa upole kwamba kwao ukweli ni mzuri sana, lakini haupakiwi pamoja na kabichi.

Karibu na daraja la mto Mpologoma gurudumu la nyuma liliishiwa pumzi. Wafula akazima injini, akaingia chini ya gari. Nilisimama ukingoni mwa barabara nikitazama kinamasi. Mafunjo yalienea pande zote mbili hadi macho yaliposhindwa, na maji meusi yalipita katikati yake bila haraka na bila kutoa hata mnong'ono. Nilisema kwamba mahali pale pametulia. Wafula, kutoka chini ya gari, alijibu kwamba ni kimya kama kaburi. Nakuombeni mkumbuke kwamba tulisema hivyo, sote wawili, watu wazima wenye masikio mazima.

Iganga hadi Mafubira

Iganga tulishuka kunywa chai. Kibandani palikuwa na mama mmoja mwenye umri kama wangu, akikaanga mayai ya kukunjia chapati, na wateja wake walikuwa wakicheka kwa sauti juu ya mtu fulani aliyenunua mbuzi kiziwi. Niliamkia kwa Kiswahili na kuagiza chai ya rangi na chapati mbili. Kicheko kilikatika. Wateja walitazama vikombe vyao. Yule mama alinihudumia kwanza, kabla ya waliotangulia, akinipa kikombe kwa mikono miwili, na hakuniangalia usoni.

Nyinyi mnafahamu jambo hili; nasi wa Namakwekwe tumelibeba muda mrefu. Kuna watu nchini mwetu ambao walikisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza mlangoni, kikiwa na viatu vizito vya askari. Nilijisikia uchungu, kwa kuwa sikuwa nimefanya lolote ila kuomba chai. Nikaketi. Nikanywa chai yangu. Baadaye nilimwamkia yule mama, "Kodheyo, maama," kwa Kisoga nilichojifunza Jinja, nikamuuliza habari za watoto. Aliinua uso, akanijibu, na polepole habari ya mbuzi kiziwi ikaanza tena mahali ilipokuwa imekatika. Alipotuletea bili alikuwa ameniongezea chapati ya tatu.

Nilidhani tukio hilo halihusiani na safari yangu. Ndiyo sababu naliandika.

Mafubira tulifika jua likielekea kuzama, Wafula akashusha karoti kwa mteja wake na mimi nikalala kwa jamaa zangu. Kesho yake asubuhi nikaenda Wanyange.

Wanyange, Jumanne

Bi Nambozo alinipokea mwaloni penye mitumbwi. Nilitarajia msichana mwenye majivuno. Nikakuta mama wa makamo, kofia pana, viatu vya mpira, mikono yenye makovu ya kamba. Alipiga goti kidogo kama wafanyavyo kwetu kwa wazee, na hilo liliniudhi, kwa sababu si rahisi kugombana na mtu aliyekupigia goti.

"Mimi sijasema mzee alidanganya," alianza kabla sijafungua kinywa. "Mimi nasema tu mawe iko na samaki."

Kando yake aliketi mtu akishona wavu. Aliinua kichwa, na nikamtambua kabla hajatabasamu: Isabirye, aliyekuwa mtega nyavu wa kituo chetu. Yeye ndiye aliyekwenda majini na kujaza fomu kwa penseli. Mimi ndiye niliyezinakili daftarini, kwanza kwa penseli, kisha juu yake kwa wino. Nywele zake zimekuwa nyeupe kama unga wa muhogo.

"Afande Kalamu," alisema. Ndivyo walivyoniita wakati ule nikigeuka mgongo. Sasa aliniita hivyo usoni. "Umekuja kutuandikia barua ingine?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Katika uchunguzi ule ule nilimwandikia Isabirye barua ya onyo kwa kuacha kisanduku wazi kwenye fomu. Kanuni ya masjala yangu ilikuwa moja na kila mtu aliijua: kisanduku hakiachwi wazi. Nilimjibu kwamba barua huandikwa panapokuwa na sababu. Alicheka, akarudi kwenye wavu wake.

Bi Nambozo alinionyesha vyombo. Ni vinasa sauti vitatu ndani ya makopo yasiyopenyeza maji, na kila kimoja kina maikrofoni ndogo nyeusi, isiyozidi kidole gumba, mwishoni mwa waya. Kimoja huzamishwa penye mawe, cha pili ukingoni mwa mafunjo, cha tatu kwenye matope ya wazi. Vinakaa huko usiku kucha vikisikiliza. Kisha sauti za mahali pamoja hulinganishwa na za mahali pengine, na kwa njia hiyo hujulikana samaki wako wapi kwa wingi, na wanafanya nini, bila kumtoa hata mmoja majini.

Nilimwambia waziwazi kwamba ushahidi wa namna hiyo hauna maana iwapo mwenye kuukusanya ndiye anayeutafsiri. Angewezaje kunihakikishia kwamba sauti ya mawe ni ya mawe? Nilifikiri atakasirika. Alifurahi. Aliniuliza kama ni mimi, ningefanyaje. Basi nikampa utaratibu. Vyombo vikitolewa, kadi ya sauti ya kila kimoja itatiwa ndani ya bahasha mbele yangu, pamoja na karatasi iliyokunjwa niliyoandika jina la mahali. Nitaziba bahasha na kutia saini juu ya mkunjo. Isabirye atazichanganya nyuma ya mgongo wake. Tutasikiliza bila yeyote kujua, nami nitaandika uamuzi wangu kabla karatasi hazijafunguliwa.

"Mzee," alisema Bi Nambozo, "ungekuwa mwalimu wangu ningemaliza masomo mapema."

Alasiri tulikwenda kuvitumbukiza vyombo, kwa makasia. Mtumbwi ulikuwa na injini nyuma, lakini alikataa iwashwe. Nilidhani ni kubana matumizi. Mawe yenyewe ni marundo makubwa meusi, nusu yamechomoza na nusu yamezama, na juu yake ndege walikuwa wakijianika, mabawa wameyatanua. Nilimwona Isabirye akitia mkono majini na kuyagusa, kama mtu agusavyo ukuta wa nyumba anayoifahamu.

Asubuhi ya bahasha tatu

Jumatano jua lilipokuwa limepanda tayari nilikuwa nimeketi kwenye chumba kidogo cha Bi Nambozo, bahasha tatu mezani, saini zangu zote zikiwa hazijaguswa. Isabirye alizichanganya kwa mbwembwe zisizo za lazima. Nikavaa hedifoni.

Bahasha ya kwanza ilikuwa na kimya kizito, kama cha ghala tupu, na mbali sana injini ya mtumbwi ikilia kama mbu. Mara chache palitokea mlio mmoja, kisha hakuna kitu. Niliandika: Matope.

Ya pili ilikuwa na mchakacho usiokoma, mwepesi, kama karanga zinazoruka kwenye kikaango. Bi Nambozo alisema hao wengi wao ni wadudu wa majini. Katikati ya wadudu niliwasikia samaki wachache wakiguna.

Ya tatu nilipoiweka, nilivua hedifoni mara moja. Nilisema chombo kimeharibika. Bi Nambozo akatikisa kichwa, akanirudishia.

Wenzangu, sijui nieleze vipi. Nimekaa kando ya ziwa lile sehemu kubwa ya maisha yangu. Nimehesabu samaki wake kwa kilo na kwa kreti, nimeandika majina yao kwa hati nzuri kuliko mtu yeyote. Na hakuna siku, hata siku moja, niliyowaza kwamba huko chini kuna mazungumzo. Palikuwa na kugongagonga, kama vifundo vya vidole juu ya mlango, mara tatu, mara nne, na mwingine akijibu upande wa pili. Palikuwa na mkoromo mfupi, mkavu. Palikuwa na mlio wa kusaga, kama bawaba isiyotiwa mafuta. Walikuwa wengi; walipokezana, waliingiliana, walinyamaza kidogo wakaanza tena. Mkono wangu ulioshika kalamu ulikuwa umesimama hewani na sikuwa na habari nao.

Bi Nambozo alieleza kwa sauti ya chini. Wanaogonga ni furu madume, samaki wadogo wa ziwani: kila mmoja ana nafasi yake, huwaita majike waje, na huwatisha madume wenzake. Isabirye alichukua sikio moja la hedifoni, akasikiliza, akacheka peke yake.

"Huyu wa kusaga ni ngogo. Ukimtoa kwa nyavu analia hivi hivi kwa mkono yako. Sisi tulijua analia. Hatukujua kama huko chini pia analia na wenzake."

Kisha injini ilipita. Ilianza mbali, ikaja, ikajaza masikio. Na ilipokaribia, wote walinyamaza. Wote, kwa pamoja, kana kwamba mtu ameingia kibandani. Injini ikaenda zake. Kimya kikabaki muda mrefu. Halafu mmoja akagonga, kwa woga, mara moja. Mwingine akajibu. Nikamwona yule mama wa Iganga mbele yangu, na mikono yake. Nilielewa kwa nini tulitumia makasia. Nilikumbuka pia kwamba katika uchunguzi wetu, kila mahali tulifika kwa injini.

Karibu na mwisho palisikika sauti moja tofauti, nzito, ndefu, kama mtu anayeburuta kiti kizito katika chumba cha pili. Niliuliza huyo ni nani.

"Sijui, mzee."

"Na kwenye fomu yako umeandika nini?"

"Nimeacha wazi."

Nilimwambia, kwa ukali niliouzoea, kwamba kisanduku hakiachwi wazi. Isabirye alisema polepole kwamba maneno hayo anayajua.

Nikaandika uamuzi wangu wa bahasha ya tatu: Mafunjo. Nilikuwa na hakika, kwa kuwa taarifa yangu ilisema kwamba samaki wengi wa Wanyange wako kwenye mafunjo. Basi ile ya pili, yenye wachache, ndiyo mawe. Tukafungua karatasi. Ya kwanza ilikuwa ya matope, kama nilivyosema. Ya pili ilikuwa ya mafunjo. Ya tatu, kwa mwandiko wangu mwenyewe, ilisomeka: Mawe.

Nililifungua daftari la nakala nililokuja nalo ili linitetee. Nikapata ukurasa, mstari wa mawe, na sifuri yangu ya wino wa buluu, duara kamili. Nikaisogeza dirishani. Chini ya wino, ukiitazama kwa mwanga wa ubavuni, kuna alama ya penseli: mstari mfupi uliolala.

"Mawe ile inakula nyavu," Isabirye alisema, hakunitazama. "Nyavu mbili ilipasuka siku ya kwanza. Mkubwa wa mtumbwi akasema hapana tega tena pale. Mimi nikachora mstari, maana hatukutega. Wewe ukaniandikia barua, ukaweka sifuri. Mstari si sifuri, bwana."

Kwa hasira ya kutaka fomu iliyojaa, nilikuwa nimeyatangaza mawe yale kuwa matupu, na kwa miaka yote hiyo kila aliyefungua jalada aliamini macho yangu ambayo hayakuwahi kutazama. Kesho yake saa nne watu wangekaa kuamua, na mezani kwao palikuwa na duara lile la buluu.

Nilimwomba Bi Nambozo anirudishie hedifoni. Nilisikiliza mawe hadi adhuhuri. Chakula kilikuja, ngege wa kukaanga na ugali, na kwa mara ya kwanza maishani nilimtazama samaki sahanini kabla ya kumla, nikijiuliza kama alikuwa na nafasi yake, na kama aliyekuwa akimjibu bado anagonga.

Ukumbini, Alhamisi

Ukumbi wa gombolola ulijaa wavuvi, wanawake wauzao samaki, na mafundi wa gati waliokuja na michoro mizuri. Nasema haki: walitaka gati kwa nia njema, kwa sababu mvua ikinyesha mwalo ule hauna pa kukanyaga. Mwenyekiti, mtu mpole mwenye miwani, alisoma taarifa ya zamani hadi kwenye sifuri, kisha akaniuliza mbele ya wote kama saini ile ni yangu.

Nilisimama. Nilisema saini ni yangu, na sifuri ni yangu, lakini sifuri si ya kweli. Miguno ilipita. Nikaomba rula.

Vijana wa sasa hawajui, kwa hiyo naeleza. Katika masjala kosa halifutwi. Hulipaki rangi, hulichani, hulikwangui kwa wembe. Unapiga mstari mmoja juu yake, mwembamba, ili lililokosewa liendelee kusomeka daima. Unaandika sahihisho pembeni. Unatia saini na tarehe. Nilifanya hivyo juu ya nakala ya kamati na juu ya daftari langu, taratibu, huku ukumbi mzima ukinitazama. Pembeni niliandika: Haikupimwa.

Mwenyekiti alisubiri, kisha akauliza sasa mahali pa sifuri aweke samaki wangapi.

"Sijui," nilisema.

Sauti kutoka nyuma ilisema kwa Kiswahili cha huku kwetu, "Leo afande hajui," na watu wakacheka sana. Niliwaacha wacheke. Nilisema sijui, na kwamba hakuna aliyemo humu anayejua, na kwamba kitu kisichojulikana hakivunjwi kwa baruti kwa kisingizio cha karatasi yangu. Kisha Bi Nambozo akaweka spika mezani, akacheza sauti ya mawe.

Ukumbi ule ulikuwa na kelele za watu wengi. Mlango ulipogongwa mara tatu, baadhi waligeuka kuutazama. Ulipogongwa tena kutoka ndani ya spika, wakaelewa. Hapo ndipo nilipoona wavuvi watu wazima, waliozaliwa juu ya maji yale, wakisogea mbele hatua kwa hatua, kama watu wanaoingia msikitini. Mwanamke mmoja mwenye beseni mapajani aliweka kiganja mdomoni. Baadaye alisema, hakumwambia mtu maalumu, "Kumbe sisi tunauza wasemaji."

Kamati iliamua kwamba mawe yasiguswe hadi yapimwe, kwa maikrofoni, na kwa mitego ya kufuma ambayo Isabirye ndiye atakayeisuka na kuitega, kwa kuwa mawe hayali mitego kama yanavyokula nyavu. Mafundi wa gati waliombwa watazame upande wa matope. Huo si ushindi wa daima. Msimu utakwisha na kamati itakaa tena. Naandika kilichoamuliwa, si zaidi.

Nje, Isabirye alinivuta kando. Alitoa mfukoni mfuko wa plastiki, na ndani yake barua yangu ya onyo, imekunjwa mara nne, mikunjo ikikaribia kukatika. Nilimuuliza kwa nini alitunza kitu kama hicho.

"Kituo kilifungwa, kila kitu ikaenda. Hii ndio karatasi moja tu iko na jina yangu na muhuri. Watoto wakiuliza kama nilifanya kazi, naonyesha hii." Alinipa. "Sasa na wewe unakata, kata na hii. Lakini jina acha."

Nilipiga mstari mmoja juu ya kila sentensi niliyoandika wakati ule, nikaandika pembeni kwamba mfanyakazi huyu alijaza fomu yake kwa usahihi, nikatia saini na tarehe. Jina sikuligusa. Aliupuliza wino ukauke, akaikunja kwenye mikunjo yake ya zamani.

Kurudi

Ijumaa baada ya sala nilirudi na Wafula, gari tupu, mwendo mwepesi. Barabarani hatukusimamishwa na mtu, na aliniomba radhi kwa hilo, akisema anajua ningependa kusahihisha jambo. Kwenye daraja la Mpologoma nilimwomba asimame na azime injini.

Mafunjo yalikuwa pale pale, maji meusi pale pale. Niliinama juu ya ukingo hadi mgongo ukauma. Hakuna kitu nilichosikia. Masikio yetu hayakuumbwa kwa maji. Lakini sikuweza tena kusema pametulia.

"Wanasema nini, mzee wangu?" Wafula aliuliza, nusu akinitania.

Ndilo swali lile lile mnaloniuliza nyote hapa barazani mkicheka. Nimeandika kila nilichokiona na kukisikia, kwa mfuatano wake. Kuhusu walichosema, kisanduku hicho nimekiacha wazi, na naomba asiwepo wa kunijazia.